Mtaa, kikundi au mchoro wa mji: mkazi wa Mtwara apitie wapi?

Jirani yangu ana mtaro unaoishia uani kwake. Ulijengwa vizuri, kwa mawe na saruji, ila fedha ziliisha kabla haujafika baharini, na kila kifuku maji ya mtaa mzima yanakuja kulala kwake. Mjomba wangu kule Mangamba naye ana lake: mchoro wa urasimishaji, yaani wa kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila kupimwa, umepitisha barabara juu ya choo chake. Halafu kuna vijana wa Shangani wanaotaka ufukwe uwe na vivuli na mapipa ya taka. Nguvu wanazo, barua ya ruhusa hawana. Wote wamenijia na swali moja, waanzie wapi, na kila mmoja ameshapewa jibu lake na watu wa karibu: subiri mkutano wa mtaa, fungueni kikundi, nenda ardhi.

Majibu yote matatu yana ukweli. Shida ni kwamba kila njia ina kazi yake, na ukiipa kazi isiyo yake itakuchosha mwaka mzima na utarudi mikono mitupu. Mimi nimekaa kwenye mikutano ya mtaa tangu nilipohamia hapa na mama watoto, nimewahi kuwa katibu wa kikundi, na nimesimama mbele ya mchoro uliobandikwa ukutani nikiitafuta nyumba yetu kwa kidole. Naziweka njia hizo tatu pamoja ili aliyekwama apate pa kuanzia.

Jambo lenyewe lina uzito kwa sababu mji wetu umezoea kuchorewa na wengine. Bandari na barabara zetu pana ni matunda ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Reli ilijengwa kutoka hapa kwenda Nachingwea. Karanga zilishindikana, mpango ukaachwa mwaka 1951, reli ikang'olewa miaka ya 1960, na tumebaki na jina tu: kata ya Reli. Kisha ikaja gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilipotangazwa, wakazi waliandamana mwishoni mwa 2012, na mwaka 2013 zikatokea vurugu ambazo watu walipoteza maisha. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Sirudii mabishano ya wakati ule. Ila najua mtaani kwetu tulianza kuulizana maswali ya maana tukiwa tayari tuna hasira, na mtu mwenye hasira hasomi mchoro.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Ile ya 2022 ilikuta tumepita 140,000. Mji unakua, na mambo mengi bado hayajaamuliwa.

Kwanza ujue jambo ni la nani

Kabla hujachagua njia, uliza kitu unachokitaka kiko mikononi mwa nani. Barabara za mitaani na mitaro yake, tangu Julai 2017, ziko chini ya TARURA. Barabara kuu ni za TANROADS. Maji ni MTUWASA, umeme TANESCO. Taka, masoko, stendi, shule za msingi na zahanati ni za manispaa. Nimeona mkutano mzima ukimbana mtendaji wa mtaa kwa saa mbili kuhusu bomba lililopasuka, na mtendaji hana hata spana. Muda ule ungetosha kuandika barua na kuipeleka inakotakiwa.

Vipimo

Nitazipima njia zote kwa mambo haya: nani anaruhusiwa kuingia, nani anakata shauri mwishoni, muda unaohitajika, gharama kwa mkazi, na kitu gani kinabaki mkononi watu wakishatawanyika. Kisha nitasema kila njia inamfaa nani.

1. Mkutano mkuu wa mtaa

Nani anaingia. Mkazi yeyote wa mtaa mwenye miaka 18 na kuendelea. Mpangaji ana sauti sawa na mwenye nyumba, na hili wengi hawalijui. Nimeona wapangaji wamesimama nje ya turubai wakidhani ni kikao cha wenye viwanja. Hakuna ada wala barua ya mwaliko. Kwa mama anayeuza samaki Feri na hana hati ya kitu chochote, hakuna mahali pengine pa serikali anapoweza kusimama na kusikilizwa kirahisi namna hii.

Nani anakata shauri. Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Mkutano unapendekeza, na maamuzi ya fedha yako mbali. Muhtasari unakwenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani, ambako wenyeviti wa mitaa yote wanagawana kasungura kadogo. Unapanda kwa wataalamu wa manispaa, kwenye kamati za kudumu, Baraza la Madiwani, mkoani, TAMISEMI, hadi bungeni. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaotumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwekwa ili orodha ianzie chini: mtaa utaje kwanza ulichonacho, ndipo utaje kinachouzuia. Mtaa unaofanya hivyo unapeleka mambo matatu yaliyopangwa kwa uzito. Mtaa unaofanya kwa mazoea unapeleka mambo ishirini, na huko juu anayechagua ni mtu mwingine.

Muda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele vya mitaa vinakusanywa mapema, kuanzia mwisho wa mwaka uliotangulia hadi karibu na Januari. Sasa tazama Mtwara inavyoumia. Oktoba, Novemba na Desemba ni msimu wa korosho. Watu wako mashambani wanaokota, wanapeleka ghalani, wanasubiri mnada. Mkutano unaitishwa, wanakuja wachache, na asiyekuwepo na lake halipo. Wengine wanarudi Februari na kero zao wakati daftari limeshafungwa. Mtaro wa jirani yangu ulipitwa hivyo hivyo. Tuliuzungumza Februari, kwa uchungu na kwa hoja nzuri, tukajibiwa kwa upole kwamba orodha imeshapanda. Tulipoteza mwaka mzima. Tangu siku ile naomba mkutano wa vipaumbele uitishwe mwezi wa tisa, kabla korosho hazijaanza kudondoka, na kila nikimuona mwenyekiti namkumbusha.

Gharama. Jioni moja.

Kinachobaki. Muhtasari. Jambo lisiloandikwa humo ni sawa na jambo ambalo halikusemwa, hata kama watu walipiga makofi. Kabla mkutano haujafungwa, omba mtendaji asome maazimio kwa sauti. Omba pia mapato na matumizi yasomwe, kwa adabu, kila mara. Hiyo ni haki ya wakazi, na haina ugomvi ndani yake.

Inamfaa mwenye jambo la watu wengi linalohitaji fedha ya umma: zahanati, madarasa, soko, vizimba vya taka. Inamfaa pia asiye na mali wala cheo. Mwenye dharura ya wiki hii haitamsaidia.

2. Kikundi cha wakazi

Nani anaingia. Anayekubali katiba yenu na kutoa ada. Hapo pana nguvu na pana udhaifu. Nguvu ni kwamba mnakutana wenye nia moja. Udhaifu ni kwamba kikundi cha watu ishirini kinaweza kuanza kusema "sisi wananchi" wakati mtaa una maelfu. Kikundi kidogo kinasajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Mtatakiwa kuwa na katiba, orodha ya wanachama, muhtasari wa kikao cha kuanzisha na utambulisho wa serikali ya mtaa. Mkitaka kuwa shirika lisilo la kiserikali, mtaingia chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, na mzigo wa taarifa utaongezeka.

Nani anakata shauri. Ninyi wenyewe, mradi mko ndani ya uwezo wenu na mna ruhusa ya mwenye eneo. Vijana wa Shangani nawaambia hili kila siku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni dhidi ya shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira, kwa hiyo kibanda cha zege mnachokiota kinaweza kubomolewa, lakini mti wa kivuli mtakaoupanda mkiwa na barua ya mtaa na baraka za afisa mazingira utawafaa na ninyi na wajukuu.

Kuna kazi ambazo kikundi kinaweza kuzisukuma hadi serikali ikazipokea. Wakazi wananyanyua boma la darasa au la zahanati kwa nguvu zao, kisha halmashauri inaombwa kupaua na kumalizia. Hapa nchini imefanyika mara nyingi. Ila mhandisi aje kabla hamjachimba msingi, kwa sababu boma lililojengwa bila vipimo vya serikali linaweza kukaa miaka likiota nyasi.

Muda. Hakuna njia ya haraka kuliko hii. Wiki mbili mko kazini. Jaribu lake linakuja mwaka wa pili, wageni wa mwanzo wakishapungua.

Gharama. Ni kubwa kuliko inavyoonekana, na nalisema hili nikiwa nimeumia. Kikundi chetu kilichanga fedha za mapipa ya taka. Mweka hazina wetu alikuwa mtu mwaminifu, hadi leo namwamini, lakini fedha tuliziacha kwenye simu yake, na simu ikaibiwa. Hatukuwa na daftari linaloonyesha nani alitoa nini. Hakuna aliyemwita mwizi mbele ya watu. Walianza tu kuchelewa vikaoni, wawili, watano, hadi tukabaki wanne. Fungueni akaunti ya benki yenye sahihi za watu watatu hata kama fedha ni kidogo. Hasa kama fedha ni kidogo.

Niongeze neno kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, na kila ikisikika vikundi vinazaliwa kama uyoga. Ule ni mkopo wa shughuli za kuingiza kipato, na lazima urejeshwe. Wanaotaka kupendezesha mtaa na wanaotaka mtaji wa biashara wakijifungia kwenye katiba moja, watagombana siku fedha ikiingia. Waanzishe viwili.

Kinachobaki. Kitu cha kushika kwa mkono: mti, kisima kilichosafishwa, mtaro uliozibuliwa. Pia inabaki desturi ya kufanya kazi pamoja, ambayo mimi naiona ina thamani kuliko kisima. Mikindani ni mfano wa karibu. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikuwa limechakaa, likakarabatiwa kwa msaada wa shirika la hisani la Uingereza na kupewa uhai mpya kwa ajili ya wageni. Nyumba za kale zilizolizunguka bado zinasubiri watu wa Mikindani wenyewe, na kikundi cha wenye nyumba hizo kingekuwa na mengi ya kufanya.

Inamfaa anayetaka kuona mabadiliko mwaka huu, jambo likiwa dogo, la mikono, lenye mipaka inayojulikana. Haimfai anayetaka kikundi kishike nafasi ya serikali ya mtaa.

3. Meza ya mipango miji

Naiita meza, ingawa ni mambo matatu: mpango kabambe wa mji, unaotazama mbele kama miaka 20; urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa; na tathmini ya athari kwa mazingira pale mradi mkubwa unapokuja, kiwanda, bandari au gesi.

Nani anaingia. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 na ile ya mazingira Na. 20 ya 2004 zinataka wadau washirikishwe. Kwa hali halisi anaingia aliyeona tangazo, na tangazo liko kwenye gazeti ambalo mzee wa Naliendele halinunui, au kwenye ubao wa ofisi ambayo hajafika tangu mwaka jana. Kwa hiyo wapeni kazi watu wawili wa mtaa wawe wanapita kwenye mbao za kata na za manispaa kila wiki, na walichokisoma kitangazwe msikitini baada ya swala ya Ijumaa na kanisani Jumapili. Kwenye urasimishaji upande umegeuka: mwenye kiwanja anasikilizwa, mpangaji hayumo.

Nani anakata shauri. Wataalamu wanachora, kamati inayohusika na mipango miji na Baraza la Madiwani wanapitia, wizara ya ardhi inaidhinisha. Sauti ya mkazi ina nafasi katikati, mchoro ukiwa bado ni rasimu.

Na hapa namrudia mjomba wangu. Yeye alitaka asubiri bikoni, yale mawe ya mipaka, ziwekwe ndipo alalamike, kwa kuwa, alisema, "Mjomba, karatasi ni karatasi tu." Mambo yako kinyume. Mstari ukiwa kwenye rasimu, mpimaji anausogeza kwa kalamu. Ukishaidhinishwa na mawe yakachimbiwa, kuusogeza ni safari ya miezi na fedha. Nilimwambia aende na mambo matatu: picha ya choo na nyumba, vipimo vya upana wa njia ilivyo sasa, na pendekezo la pa kupitisha barabara. Aliyekwenda na "hapana" peke yake waliandika jina lake wakaendelea. Majirani zake wa upande wa pili walipoona vipimo, wawili walikubali kumega mita moja kila mmoja ili njia ipinde kidogo. Bado haijaamuliwa. Lakini sasa kamati ya urasimishaji ina kitu cha kujadili, na gari la wagonjwa litapata pa kupita, jambo ambalo mjomba mwenyewe analitaka kwa kuwa mkewe ana shinikizo la damu.

Muda. Mrefu kuuandaa, na mrefu zaidi kuishi nao. Muulize anayekaa leo kwenye kiwanja kilichopimwa enzi za karanga.

Gharama. Urasimishaji una mchango wa kila kiwanja, na lazima mdai risiti na mkataba wa anayepima. Gharama nyingine ni ya kichwa: mchoro ni lugha. Msiusome ofisini. Ombeni afisa mipango miji au mpimaji aje nao mtaani, mtembee naye kutoka mwembe hadi kona ya duka. Watu wanaouogopa mchoro ukutani huuelewa wakiwa wamesimama juu ya ardhi yenyewe.

Kinachobaki. Mstari kwenye ramani. Unaishi kuliko mwenyekiti, diwani na sisi wote. Ndugu zetu wa Likong'o, Lindi, eneo lililotengwa kwa mradi wa kusindika gesi asilia, wanajua mstari mmoja unavyoweza kuhamisha makaburi na minazi.

Inamfaa mwenye kiwanja, jumuiya ya wavuvi inayotaka njia yake ya kwenda pwani ibaki wazi, na mtaa unaotaka kiwanja cha watoto kisije kuuzwa. Asiye na subira itamtesa.

Zikikaa ubavu kwa ubavu

Kwa upana wa kuingia, mkutano wa mtaa uko mbele. Kwa kasi, kikundi. Kwa mambo ya kudumu, mchoro. Mimi nikiangalia yaliyofanikiwa kwenye kata yetu, naona njia hizi zilipokezana: kikundi kikaanza kazi, mkutano ukaiandika kwenye muhtasari, kisha eneo likaonyeshwa kwenye ramani. Yaliyokufa mengi yalibaki kwenye hatua moja tu.

Kwa hali yako

Kama maji yanakuingilia kama jirani yangu, uliza kwanza mtaro ni wa barabara au la. Ukiwa wa barabara, muhtasari wa mtaa uende kata na nakala ipelekwe TARURA, ukiwa na picha za siku ya mvua, kabla ya Oktoba. Wakati mnasubiri, kikundi kizibue mchanga na plastiki. Mtaro mzima mnaweza kushindwa kuujenga, ila maji mtayapunguza.

Kama ni kijana mwenye mikono na Jumamosi moja huru, anza na kikundi na eneo dogo kuliko unalolitamani. Pata barua ya mtaa kabla ya jembe.

Kama umesikia kiwanda au ghala kubwa linakuja karibu nanyi, usianze kwa kikundi wala maneno ya kijiweni. Uliza ofisi ya mazingira ya manispaa kama tathmini imeanza na maoni yanapokelewa lini. Nenda na hoja zilizoandikwa: kisima kiko wapi, shule iko umbali gani, malori yatapita njia ipi.

Kama wewe ni mpangaji, mkutano wa mtaa ni wako kabisa. Kwenye urasimishaji zungumza kupitia mwenye nyumba, na umwambie mapema, kwa kuwa barabara ikipita chumbani kwako, wewe ndiye utakayehama kwanza.

Kama una ulemavu, au unamhudumia mtu mwenye ulemavu, dai mkutano ukae mahali panapofikika, na jambo lako liandikwe kwa jina lake: ngazi, upana wa mlango, choo cha soko. "Mahitaji maalumu" ni maneno mapana mno, hayajengi ngazi.

Kama unataka kujua diwani wako anasemaje, vikao vya kawaida vya Baraza la Madiwani viko wazi. Hutaruhusiwa kuzungumza, lakini utakaa, utasikiliza, na yeye atakuona umekaa.

Na kama unaishi Dar es Salaam ila nyumba iko Mtwara, kama walivyo ndugu zetu wengi, usimwachie shangazi peke yake. Mpe barua yenye sahihi yako inayosema anakuwakilisha kwenye kamati ya urasimishaji, nakala za karatasi za kiwanja na nauli ya bodaboda, kisha mpigie simu jioni ile ile ya kikao umuulize mstari umepita wapi.